Sura ya Tatu: Gedan Barai, Kinga ya Chini

Anayejiunga na darasa la karate huja na hamu ya kupiga. Ametazama filamu, amejaribu teke la kuzunguka akiwa peke yake chumbani, na anachotaka ni kusahihishwa kidogo tu. Badala yake anapangwa kwenye mstari, miguu ikiwa imeachana kiasi, ngumi mbili mbele ya mapaja, kisha anaambiwa ageuke kushoto huku akiteremsha mkono mmoja hadi juu ya goti. Hiyo ndiyo kazi ya jioni nzima, na wiki ijayo itarudiwa. Ni hivyo katika ukumbi wa kukodi mjini Embu, ni hivyo katika uwanja wa shule ulioinama kuelekea bondeni kando ya barabara ya Chuka, na ni hivyo Meru mjini, ndani ya darasa lililoondolewa madawati, ambako sakafu ya saruji mwezi wa Julai huwafanya watu waombe kuanza haraka.

Harakati hiyo ndiyo gedan barai. Nitaieleza kwa mtindo wa Shotokan, maana ndio niliolelewa nao. Goju-ryu, Wado na mitindo mingine wanayo pia, wakitofautiana kuhusu ngumi inakoanzia na kimo cha kusimama. Maelezo ya siku ya kwanza ni mepesi. Mpinzani anarusha teke la mbele, mae geri, linalolenga tumbo au kinena. Kigasha chako kinashuka kutoka begani, kinapita mbele ya mwili na kuutupa mguu wake kando. Wachezaji wanasema kupangua, kama kipa anavyopangua mpira, nao wako sahihi kuliko wanaosema kuzuia.

Lakini maelezo hayo yana tundu, na mwanafunzi mwerevu huliona kabla hajavaa mkanda wa pili.

"Sensei, na akipiga kwa nguvu zake zote?"

"Atapiga kwa nguvu zake zote."

"Si mkono wangu utavunjika?"

"Ukiuacha hapo, ndiyo."

Hesabu yenyewe haihitaji maabara. Mkono mzima wa binadamu, kuanzia begani, ni takriban asilimia 5 ya uzito wa mwili. Mguu mzima ni takriban asilimia 16. Kwa kijana wa kilo 60, hiyo ni kilo 3 za mkono dhidi ya karibu kilo 10 za mguu, na mguu huo unasukumwa na msuli mkubwa wa paja pamoja na nyonga. Kigasha kinachogongana nao ana kwa ana hakina lake. Mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole cha mwisho umefunikwa na nyama kidogo sana; madaktari wa mifupa wanaijua vyema namna unavyovunjika kwa watu walioinua mkono kujikinga na rungu. Anayetumia gedan barai kusimamisha teke anaupeleka mfupa huohuo mbele ya rungu zito zaidi.

Kwa hiyo msimamo wangu, ambao sura hii yote inauzunguka, ni huu: gedan barai ni kazi ya miguu na nyonga. Teke hupita kwa sababu tumbo limeondoka lilipolengwa, na mkono unamalizia kilichobaki. Ukimtazama mtu anayefanya kinga hii halafu macho yako yakaenda kwenye ngumi, umetazama mahali pa mwisho kutokea jambo lolote.

Kwa nini basi inafundishwa kana kwamba ni jambo la mkono? Sababu ni shule. Huko Okinawa, mwanzoni mwa karne ya 20, mwalimu Anko Itosu alitaka karate iingie katika masomo ya watoto, na mwaka 1908 aliandika barua yenye vipengele 10 kueleza faida zake na namna ya kuifundisha. Kabla ya hapo mafunzo yalitolewa faraghani, mwalimu na mwanafunzi mmoja au wachache, miaka nenda miaka rudi. Wameru watalielewa hilo upesi: katika siku za gaaru, nyumba ya vijana wapiganaji, kijana aliyekwisha kutahiriwa alilala na kulinda pamoja na wenzake, akajifunza ngao na mkuki kutoka kwa waliomtangulia, bega kwa bega, bila ubao wala filimbi. Ukichukua ujuzi wa namna hiyo ukauweka mbele ya darasa zima la watoto uwanjani, kitu lazima kibadilike. Harakati zinanyooshwa ili zionekane kutoka mbali. Zinahesabiwa ili wote wamalize pamoja. Yanayoonekana, yaani mkono, yanapewa maelezo. Yasiyoonekana, yaani uzito unavyohama kutoka mguu hadi mguu, yanaachwa mwanafunzi ayagundue mwenyewe.

Itosu alitunga kata tano za Pinan, yaani mifululizo ya harakati zilizopangwa, kwa ajili ya kazi hiyo. Mwanafunzi wake Gichin Funakoshi, mzaliwa wa Shuri mwaka 1868 na mwalimu wa shule kwa taaluma, alikwenda Tokyo mwaka 1922 na kubaki huko. Baadaye kata hizo akaziita Heian, na ile iliyokuwa ya pili akaifanya ya kwanza kwa kuwa ni nyepesi kwa anayeanza. Ndiyo Heian Shodan, kata ya mtihani wa mapema kwa karibu kila mtoto wa Shotokan. Ina harakati 21, na gedan barai imo mara 6. Taikyoku Shodan, iliyotungwa baadaye ikiwa nyepesi zaidi, ina harakati 20: gedan barai 8, ngumi 12, na hakuna kingine. Mtu asiyeijua kinga hii hana pa kuanzia.

Sasa tuingie uwanjani.

Anza na mguu ambao hauendi popote. Umesimama wima, unatakiwa ugeuke kushoto. Karibu kila anayeanza hutupa mguu wa kushoto kwanza, mwili ukaufuata kwa kuchelewa, na kwa muda mfupi anakuwa amesimama juu ya mguu mmoja ulionyooka, akiwa mrefu kuliko alivyokuwa. Huo ndio wakati wa kupigwa. Fanya kinyume: kunja goti la kulia kidogo, uzito ukae hapo, nyonga zishuke kiasi cha vidole viwili vitatu. Halafu ndipo mguu wa kushoto uteleze kwenda. Kichwa kisipande. Mwambie mwenzako ashike fimbo ya fagio juu ya kichwa chako, umbali wa unene wa kidole. Ukiigusa ulipogeuka, umeinuka.

Mguu unapofika, unatua katika zenkutsu dachi. Goti la mbele limekunjwa mpaka liko juu ya vidole vya mguu, ugoko ukiwa karibu wima. Mguu wa nyuma umenyooka, kisigino kimekanyaga. Urefu wa hatua ni takriban mara mbili ya upana wa mabega, na upana kutoka mguu hadi mguu ni sawa na mabega yenyewe. Hapo ndipo wengi hujidanganya: wanarefusha hatua na kusahau upana, wakasimama kana kwamba wanatembea juu ya ukuta. Ukisukumwa begani kwa kiganja kimoja utaanguka pembeni, na hakuna mkono wowote wa kukuokoa.

Miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya ina la kuongeza ambalo vitabu vya Tokyo havina. Viwanja vyetu havijalala sawa. Ukiwa Runyenjes au Nkubu, uwanja wa shule una juu na una chini, na mwanafunzi anayegeuka katika Heian Shodan hujikuta mara anateremka, mara anapanda. Kuteremka kunamvuta mbele mpaka goti linapita vidole. Kupanda kunamlaza nyuma. Mimi huliona hilo kuwa bahati. Aliyejifunza kwenye sakafu tambarare huweza kukariri umbo la kusimama bila kuhisi uzito wake uko wapi. Wa uwanja ulioinama hawezi, maana ardhi itamuumbua. Kila ageukapo inambidi aulize nyayo zake upya.

Halafu kuna matope. Mvua za Machi hadi Mei, na zile za Oktoba hadi Desemba ambazo upande huu ndizo kubwa, huugeuza udongo mwekundu kuwa kitu kinachoshika na kuteleza kwa wakati mmoja. Walimu hubishana kama mtu ageuke juu ya kisigino au juu ya sehemu ya mbele ya wayo. Kwenye saruji mabishano hayo yana maana, na Shotokan wengi watakuambia kisigino. Kwenye nyasi zilizolowa, yeyote anayezungusha mguu uliobeba uzito wote anaweza kuliumiza goti, kwa kuwa wayo umekwama na paja limeendelea. Hapo vunja sheria: inua wayo, upande upya, hatua mbili fupi badala ya mzunguko mmoja. Kata itakuwa na sura mbaya. Goti litakuwa zima.

Mkono una njia yake, nayo ni rahisi kueleza kuliko kufuata. Ngumi inayokinga, tuseme ya kushoto, inapanda hadi karibu na sikio la kulia, kiganja kikilitazama sikio. Wakati huohuo mkono wa kulia unanyooka mbele na chini, ukifunika kinena. Kwa hiyo kwa nukta moja mikono imepishana na mwili umefungwa kama lango. Kisha inaachana: wa kushoto unashuka ukipita nje ya mkono wa kulia, wa kulia unavutwa hadi nyongani, ngumi ikiwa imegeuzwa kiganja juu. Wa kushoto unasimama juu ya goti la mbele, kiasi cha ngumi mbili hivi kutoka kwenye paja, mgongo wa ngumi ukiwa juu. Kiwiko hakifungwi kabisa. Kigasha kinajizungusha mwishoni kabisa, si njiani. Anayekizungusha mapema huwa amemaliza nguvu kabla mkono haujafika.

Makosa mawili yanastahili kutajwa, mengine yatajirekebisha yenyewe. La kwanza ni kuvuka goti. Ngumi inafika mahali pake halafu inaendelea kwenda nje, kwa raha ya kuifagia hewa. Teke likishatoka kwenye mstari wa mwili wako, halikuhusu tena. Kila sentimita ya ziada ni mlango unaomfungulia mpinzani tumbo lako kwa ngumi ya pili. La pili ni mkono wa kuvuta kulala usingizi. Wote hukazania mkono unaoshuka, ule wa nyongani ukafika baadaye kwa uvivu, au ukabaki unaning'inia mbele. Mikono miwili ianze pamoja na imalize pamoja, na miguu pia imalize hapohapo. Ukisikia vishindo viwili, mguu kwanza na mkono baadaye, kinga imechelewa.

Tukizungumzia vishindo: gi, vazi la karate, ikiwa nzito ya pamba hupiga mlio mzuri mkono unaposimama ghafla, na kuna watu wameupenda mlio huo kuliko kinga yenyewe. Wanaofanya mazoezi kwa fulana na suruali ya michezo, kama wafanyavyo wengi wetu kabla ya kupata pesa ya gi, hawana mlio wa kujidanganya nao. Wanabaki na nyonga.

Na nyonga ndizo zinazofanya kazi. Mkono ukishuka, kiwiliwili kinageuka ubavu, hanmi, takriban nyuzi 45, bega la mbele likitangulia. Tumbo lililokuwa limemwelekea mpinzani sasa limeelekea kando. Aliyepita shule ya bweni hapa Kenya ameshika fyekeo, au slasha kama tulivyoizoea, na anajua kwamba anayefyeka kwa mkono peke yake huwa hoi kabla ya kumaliza sehemu aliyopimiwa na mwalimu wa zamu, wakati mwenzake anayezungusha kiuno na kuuachia mkono ulegee bado anaendelea huku akipiga soga. Gedan barai ni ya huyo wa pili. Bega limelegea, kiuno kinatupa, mkono unafuata na kukaza mwishoni tu.

Kuna faida nyingine ya kugeuka ubavu ambayo haionekani mpaka ufike kwenye mazoezi ya wawili. Nyonga iliyofunguka ni nyonga iliyojaa. Ukimaliza kupangua, mkono wa kulia uko nyongani na mwili umegeukia kando. Kinachobaki ni kuzirudisha nyonga zitazame mbele, na gyaku zuki, ngumi ya mkono wa nyuma, inatoka bila kutafutwa. Ndiyo maana kinga na ngumi hufundishwa zikifuatana. Anayepangua akiwa ameshaelekea mbele moja kwa moja hana kilichobaki cha kuzungusha, na ngumi yake itakuwa ya bega.

Mtu atauliza: katika kata unageuka na kuingia kwa mpinzani, katika mazoezi ya wawili unarudi nyuma, lipi ni lipi? Yote mawili yanasema jambo moja kuhusu mahali. Ukirudi nyuma, teke linakufikia likiwa limekwisha nyooka na limepungua nguvu, na kigasha kinaligusa kwa ubavu, karibu na kifundo cha mguu, mahali ambapo msukumo mdogo unatosha kulipotosha. Ukiingia, unafika kabla goti lake halijakunjuka, na mkono wako unakuta paja, si wayo. Hatari iko katikati. Anayebaki alipokuwa na kutegemea mkono ndiye yule wa kilo 3 dhidi ya 10.

Niseme pia jambo kuhusu kujilinda, kwa sababu wazazi wengi wa Meru na Embu humleta binti kwenye karate wakiwa na hofu ambayo hawaitaji. Hofu hiyo ina sababu. Tarehe 27 Mei 2013, katika kesi iliyokuja kujulikana kama ya wasichana 160, Jaji Makau wa Mahakama Kuu ya Meru aliamua kwamba polisi walikuwa wamevunja haki za watoto wasichana kwa kutochunguza ipasavyo malalamiko yao ya unajisi. Wasichana waliofungua kesi walipata hifadhi na msaada wa shirika la Ripples International lililoko Meru. Hukumu hiyo ilifanya kwa usalama wa watoto jambo ambalo hakuna mkanda mweusi anayeweza kulifanya. Wanaodhuru watoto mara nyingi ni watu wanaojulikana nao, hawasimami mbali wakarusha mae geri, na mwalimu anayemwambia mzazi kwamba gedan barai itamlinda binti yake dhidi ya watu hao anauza asichonacho.

Hata hivyo, ndani ya kinga hii kuna kitu kinachofaa kufundishwa siku ya kwanza, nacho kiko katika kupanda kwa mkono. Shikwa kifundo cha mkono wa kushoto na mtu aliye mbele yako. Sasa fanya maandalizi ya gedan barai: ngumi inaelekea sikio la kulia, kiwiko kinamwelekea aliyekushika, mwili unageuka. Mshiko wake unabanwa upande wa kidole gumba, ambao ndio dhaifu, unafunguka. Nimeona wasichana wadogo wakiwatoka kaka zao wakubwa kwa njia hiyo, na kila mara kinachofanya kazi ni kugeuka, kamwe si kuvuta. Walimu wengi husoma pia mkono wa nyongani kama mkono ulioshika kitu: sketi, mkono, kola ya shati. Unavuta huku kigasha cha pili kikishuka juu ya kiwiko cha uliyemshika. Ukisoma hivyo, Heian Shodan inabadilika yote, na harakati ya nne, ambapo mkono uliomaliza kinga unavutwa ghafla na kuzunguka kuwa pigo la nyundo, inaacha kuwa pambo. Ni mtu ameshikwa baada ya kupangua, anajinasua.

Kwenye mashindano hutaiona sana gedan barai. Karate iliingia Olimpiki katika michezo ya Tokyo 2020, iliyofanyika 2021, ikakosekana Paris 2024. Aliyetazama mapambano yale aliona watu wakiruka-ruka kwa umbali na kuingia kwa kasi ya umeme, mikono ikiwa juu. Kupiga kinena na magoti hakuruhusiwi, teke la tumboni linaleta pointi 2 na la kichwani 3, kwa hiyo hatari kubwa iko juu na kila mtu analinda juu. Wanaopangua chini hufanya hivyo kwa kiganja, kwa mguso mfupi, na miguu yao imekwisha kuondoka. Vijana huniletea video hizo kama ushahidi kwamba gedan barai imepitwa na wakati. Huwaambia wazitazame tena wakiwa wameziba nusu ya juu ya skrini kwa mkono.

Zoezi la kumalizia jioni ni hili. Wawili wanasimama kwa umbali wa teke moja. Anayepiga anatoa mae geri polepole, bila hila, mguu ule ule kila mara. Anayekinga ameweka mikono yote miwili nyuma, ameshika mkanda wake mwenyewe, na ana ruhusa ya kutumia miguu na nyonga peke yake: kurudi, kugeuka ubavu, au kuingia. Mara kumi. Wengi hushangaa jinsi wasivyoguswa. Kisha anaachia mkanda na kurudia yaleyale, safari hii mkono ukishuka. Sharti ni moja: kigasha kinapogusa mguu wa mwenzake, mguso uwe mwepesi kiasi kwamba mpigaji hapotezi mwendo mpaka anapotua na kukuta yuko pembeni ya alipokusudia. Akigugumia maumivu, anayekinga anarudisha mikono kwenye mkanda na kuanza tena.